Afya ya Mwili Ulyankulu: Tuige Mwendo wa Msafara



Tukitaja mazoezi ya mwili hapa Ulyankulu, wengi hutabasamu. Husema, "Anayelima tangu alfajiri, akachota maji na kukata kuni, mazoezi ya nini tena?" Swali hili ni la haki na linastahili jibu.

Ni kweli kwamba jembe ni mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Wakati wa palizi, mkulima huzimaliza kwa siku moja. Tatizo letu si uvivu, bali ni kukosa mwendelezo. Mvua zikinyesha, kati ya Novemba na Aprili, tunafanya kazi kupita kiasi, tunakula mara moja kwa siku na hatupati nafasi ya kwenda zahanati. Kiangazi kikiingia na tumbaku ikishauzwa, wengine hukaa tu, na hata safari fupi hupanda bodaboda.

Aidha, nguvu za mikono si kinga ya presha. Mara nyingi ugonjwa huu hauna dalili. Mgonjwa hupewa vidonge, akajisikia vizuri, akaviacha akidhani amepona. Kumbe vidonge ndivyo vilivyokuwa vikiishusha. Kiharusi kikimpata, familia nzima huyumba katikati ya msimu.

Jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee. Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya ndugu waliokimbia mauaji nchini Burundi. Aliyefyeka pori hapa akiwa na miaka 20, leo amepita miaka 70. Wapo wazee wa umri huo ambao bado wanalima na kulea wajukuu.

Tujifunze kwa wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliobeba mizigo ya takriban kilo 30 katika njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji. Kazi ile ilikuwa ngumu na wengi walifia njiani. Lakini msafara uliofika, ulifika kwa vituo: kuondoka alfajiri, kupiga kambi kabla jua halijawa kali, kupika na kupumzika, kisha kesho tena, na kwa pamoja.

Hivyo basi, kamati za parokia zinaweza kuanza na haya:

1. Kupima presha. Ombeni zahanati ipime watu siku wanapokusanyika. Anayeonekana na 140/90 au zaidi, hata akipimwa tena siku nyingine, amwone mganga.

2. Dawa. Wagonjwa wawili wawili wakumbushane. Kabla ya palizi, waulize zahanati namna ya kupata dawa za kutosha.

3. Chakula. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Matembele, kisamvu, maharage na karanga tunavyo mashambani.

4. Tumbaku. Majani mabichi yenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi na kuleta kizunguzungu na kutapika. Subirini umande ukauke, vaeni mikono mirefu. Watoto na wajawazito wasiyaguse.

5. Kiangazi. Twende ibadani na sokoni kwa miguu au kwa baiskeli, tukifuatana.

Kwa wafadhili wetu: mashine ya kupimia presha ni msaada mkubwa, lakini bila mtu aliyefundishwa, betri na daftari la kumbukumbu, itaishia kabatini. Changieni na mafunzo pia.

Tusingoje kiharusi kibishe hodi ndipo tuanze. Kila kamati ichague jambo moja kati ya haya matano, ilianze kabla ya mvua, na ilishike hadi mavuno. Msimu ujao iongeze la pili.