Besi yenye betri na besi bila betri: nini kinabadilika?

Mu orkestra na mu kwaya za mashariki mwa Kongo, besi njo inashika wimbo. Sebene ikianza, gitare ya solo inakimbia, lakini miguu ya wachezaji inafuata besi na ngoma. Besi ikinyamaza ghafla, kila mtu anasikia kwamba kitu kimeanguka, hata asiyejua muziki. Na mara nyingine kinachoinyamazisha si kamba wala mpigaji. Ni betri ndogo ya volti 9 iliyofichwa nyuma ya gitare.

Vikundi vinavyochanga dola ili kununua besi, ao kuiagiza kwa fundi anayetengeneza kwa vipimo vya mteja, vinakutana na maswali mawili: mikro gani, na elektroniki gani ndani? Kuna wauzaji wanaosema tu kwamba besi ya betri, ile wanayoita aktifu, njo inapita zote. Jambo haliko rahisi vile.

Mikro kwanza

Mikro ya gitare siyo ile ya kuimbia. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Waya ule uliozungushwa unaitwa bobini. Kamba ya chuma ikitikisika juu ya sumaku, inazaa umeme mdogo sana ndani ya bobini, na umeme ule unapita mu kebo mpaka kwa ampli. Njo maana kamba ya nailoni haisikiki kwa mikro ya namna hii.

Mikro ya bobini moja inatoa sauti safi, yenye kukata. Lakini inakamata pia mngurumo wa umeme wa nyumba, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde. Karibu na transfoma ao taa za neon, mngurumo unazidi. Dawa yake ni bobini mbili zilizopangwa kinyume: mngurumo wa moja unafuta wa nyingine, na sauti ya kamba inabaki. Mu mwaka wa 1955, Seth Lover wa kampuni ya Gibson huko Marekani alitengeneza mikro ya namna hiyo, na mpaka leo inaigwa dunia nzima.

Besi nyingi zinazouzwa leo zinafuata mifano miwili ya Leo Fender. Precision Bass ilitoka mu 1951, na tangu 1957 mikro yake imekatwa vipande viwili: kimoja kwa kamba mbili nene, kingine kwa kamba mbili nyembamba. Sauti yake ni nzito na ya katikati, na hainguruma. Jazz Bass ya 1960 iko na mikro mbili za bobini moja. Zote mbili zikifunguliwa sawa, mngurumo unakufa. Moja ikipunguzwa, unarudi. Watu wengi wanafikiri gitare imeharibika, kumbe njo tabia yake.

Mahali pa mikro nako kunabadilisha sauti. Karibu na shingo, kamba inatikisika sana, sauti inakuwa nene. Karibu na daraja, pale kamba zinapofungwa, mtikisiko ni mdogo, sauti inakuwa kavu na kila noti inasikika peke yake. Kwa sebene, ambako besi inarukaruka na haipaswi kumezwa na ngoma kubwa, mikro ya daraja inasaidia sana. Kwa nyimbo za polepole, ile ya shingo inatosha.

Betri inafanya nini

Besi bila betri, yaani pasifu, iko na vifungo vya sauti na kifungo kimoja cha kupunguza ukali. Inaweza kupunguza tu, haiwezi kuongeza. Tena kebo ikiwa ndefu, ukali unapotea njiani.

Besi aktifu iko na preampli ndani. Inaongeza ao kupunguza sauti nene na sauti kali, na kebo ndefu haiisumbui. Music Man StingRay ya 1976 ilikuwa kati ya besi za kwanza za kiwandani zenye preampli, na ikapendwa sana.

Lakini preampli haichagui: inaongeza kila kitu inachopewa. Mikro mbaya na nyaya zilizolehemiwa ovyo zitanguruma zaidi, siyo kidogo. Kwa hiyo pesa ikiwa kidogo, iende kwanza kwa mikro na kazi safi ya nyaya.

Preampli nyingi zinawaka wakati kebo inachomekwa mu gitare, hata kama ampli imezimwa. Betri ya alkalini ya volti 9 inabeba karibu miliampea-saa 500. Preampli inayotumia miliampea 1 ingeweza kufanya, kwa hesabu, saa 500. Kikundi kinachopiga saa 5 kwa juma kinaweza kukaa nayo mwaka mzima. Lakini kebo ikiachwa ndani usiku na mchana, saa 500 ni siku 21 tu. Majuma matatu, na betri imekufa bila mtu kupiga noti hata moja.

Maneno ya kumwambia fundi

Wanaoishi mbali na duka la vyombo wanaweza kuomba mikro pasifu pamoja na preampli yenye swichi ya kuikwepa. Betri ikikufa, mpigaji anageuza swichi na wimbo unaendelea. Na kifungo cha kupunguza ukali kifanye kazi hata preampli ikiwa imekwepwa. Fundi hakiweki kama hakuambiwa.

Swichi hiyo haisaidii kama mikro zenyewe ni aktifu, kama mikro nyingi za EMG: zile bila betri hazisemi kitu. Ni nzuri na zimetulia, lakini anayezichagua atembee na betri ya pili mfukoni.

Mambo mengine mawili hayagharimu sana: kisanduku cha betri kinachofunguka bila bisibisi, na karatasi ya shaba ndani ya shimo la nyaya, iliyounganishwa na waya wa ardhi, ili kuzuia mngurumo. Fundi atoe pia mchoro wa nyaya kwenye karatasi. Gitare ikiharibika miaka mitano baadaye, fundi wa radio wa mtaani mwenye mchoro ule ataitengeneza. Asiye na mchoro atakisia, na kukisia njo kunaunguza preampli.