Mashua ya Kaskazi, Saa ya Kusi

"Ami, mtandao umekufa."

Ujumbe huo uliniingilia kwenye WhatsApp saa mbili za usiku kutoka Kismayo, na ulikuwa umekuja kwa mtandao huohuo uliokufa. Chini yake kijana alituma picha ya kioo: kila tovuti aliyoifungua ilimtolea onyo kwamba si salama. Alikuwa ameshazima na kuwasha mara nne, ameshabadilisha laini ya simu, na alikuwa mbioni kufuta mfumo wote wa Linux aanze upya. Nikamwambia asiguse kitu, anitazamie saa pembeni mwa kioo. Akajibu: "Saa sita na dakika kumi, Januari mosi, 2008."

Basi mtandao ulikuwa mzima. Aliyepotea ni kompyuta.

Kilaptopu chenyewe ni Eee PC 901 cha mwaka 2008: kioo cha inchi 8.9, RAM gigabaiti 1, kichakataji cha Intel Atom N270 chenye mwendo wa gigahezi 1.6. Nilikikuta kwenye mitumba hapa Mombasa, nikakituma kwa mkono wa msafiri hadi kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye ni nahodha wa mashua ya kambakoche kati ya Kismayo na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. (Kwenye ramani nyingi utasoma Tovai na Tula. Ni vilevile, katika Kibajuni t ya kale imegeuka ch, na mtu kwetu ni mchu.) Mwanawe ndiye anayekiendesha. Walionicheka walikuwa wengi: mnamtumia mvuvi takataka ya miaka 17?

Lakini takataka hii ina sifa ambazo laptopu mpya hazina. Haina diski inayozunguka, kwa hiyo mashua ikipigwa na wimbi hakuna sindano ya kukwaruza sahani. Chaja yake inatoa volti 12, volti zilezile za betri ya mashua. Na ulaji wake wa umeme ni kama wati 10 tu. Piga hesabu: betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 inashika wati-saa 600, tukitumia nusu tu ili tusiiue mapema, tunapata saa 30 za kazi. Laptopu mpya inayokuja na chaja ya wati 65 ingeimaliza nusu hiyo kabla ya safari kwisha, na ingehitaji kifaa cha kupandisha volti. Visiwani hakuna nguzo za umeme. Kuna paneli za jua na betri, basi. Tahadhari moja: betri inapochajiwa na paneli, volti zake hupanda hadi zaidi ya 14, kwa hiyo lazima kuwe na kidhibiti katikati. Kijana alitaka kuunganisha waya moja kwa moja. Nilimkataza kwa sauti.

Turudi kwenye saa. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo mfano wa sarafu, kazi yake ni kuilisha saa wakati mashine imezimwa. Ikiisha, kompyuta huamka kila siku ikidhani ni siku ileile iliyowekewa kiwandani. Kwa kuandika barua hilo halina madhara. Kwa intaneti ya leo ni balaa, kwa sababu kila tovuti inayolindwa huja na cheti, na cheti kina tarehe mbili: kinapoanza na kinapokwisha. Vyeti vingi vya siku hizi huishi miezi mitatu tu. Kompyuta inayoamini kwamba ni 2008 hukitazama cheti cha jana na kusema, huyu hajazaliwa, sitazungumza naye.

Kinyume chake pia hutokea. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja, kilichokuwa kimebebwa na mamilioni ya tovuti kupitia shirika la Let's Encrypt, kilifika mwisho wake. Simu na kompyuta zilizokuwa hazijapata masasisho kwa miaka zilijikuta zimefungiwa milango na tovuti zilizokuwa zikifunguka juzi yake. Hakuna kilichovunjika ndani yake. Mmiliki angeweza kudhani mashine imezeeka, akanunua nyingine.

Kuna uzee mwingine, na huu lawama yake haiko kwa kompyuta. Kiini cha Linux chenyewe ni chepesi. Mfumo wa antiX, ambao umejengwa juu ya Debian na kuondolewa mapambo, unaweza kuwaka kwenye mashine yenye RAM ya megabaiti 256. Kilaptopu chetu kikiwaka hivyo kina robo tatu ya RAM bado iko wazi, na kuandika, kusoma PDF na kupiga hesabu za mauzo ya kambakoche hakukitoi jasho. Fungua ukurasa mmoja wa gazeti, sasa. Ukurasa wa kawaida wa tovuti leo unazidi megabaiti 2, na ukishafunguliwa ndani ya kivinjari huvimba mara nyingi zaidi ya hapo, kwa sababu ya matangazo, video zinazojianzisha na programu ndogondogo za kumfuatilia msomaji. Habari yenyewe ni aya sita.

Dawa mojawapo inaitwa zram, na imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2014. RAM inapokaribia kujaa, kompyuta huyachukua mambo yasiyotumika kwa sasa, huyabana kama godoro la sufi linavyofungwa kamba, na kuyarudisha humohumo kwenye RAM. Mara nyingi vitu viwili au vitatu huingia palipokuwa pa kimoja. Kichakataji hufanya kazi ya ziada kidogo, lakini kubana ndani ya RAM ni haraka kuliko kwenda kuandika kwenye diski ya polepole na kurudi. Kwa kilaptopu cha gigabaiti 1, tofauti yake unaiona kwa macho: kurasa tatu zinafunguka badala ya moja na nusu.

Hata hivyo, pwani kuna adui anayezishinda tovuti zote, na huyo ni chumvi. Kila jiko la pwani linajua: chumvi hutota yenyewe ndani ya kopo bila kumwagiwa tone. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na Kismayo, mji ulio dakika 22 tu za latitudo kusini ya ikweta na mbele yake bahari wazi, hewa yake haikai mbali na hapo. Vumbi la chumvi lililoingia na upepo kupitia tundu la feni hutua juu ya bodi. Mchana, mashine ikiwa ya moto, linakauka. Usiku linavuta maji na kuwa tone la maji ya bahari lisiloonekana. Pande mbili za tone hilo zina volti tofauti. Umeme unapita, shaba inaliwa, na baada ya msimu mmoja utaona ukungu wa kijani penye njia za waya.

Kijana alipokifungua kwa mara ya kwanza ukungu huo ulikuwa umeshazunguka soketi ya chaja. Alichomoa betri kwanza (wengi hupasahau hapo), akasugua kwa mswaki uliochovywa spiriti safi, akaacha kikauke siku nzima kivulini. Tangu hapo kilaptopu hulala ndani ya pipa la plastiki la mfuniko wa kukaza, pamoja na mfuko wa mchele uliokaangwa bila mafuta ukapoa. Mchele si dawa ya kompyuta iliyoloa, wala usidanganywe na wanaosema hivyo. Ila ndani ya pipa lililofungwa unasaidia kidogo kuvuta unyevu wa hewa.

Wapenzi wa programu huria kama Linux hupenda kusema kwamba huko hakuna anayeachwa nyuma. Si kweli. Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 juu ya kompyuta ya 386, na Desemba 2012 wenzake waliifuta 386 kutoka kwenye msimbo, kwa ridhaa yake. Kichakataji cha kilaptopu chetu ni cha biti 32, na kiti chake nacho kinaondolewa: Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha kompyuta za aina yake, na Firefox 144, iliyotoka tarehe 14 Oktoba 2025, ndiyo ya mwisho kwa Linux ya biti 32. Siku hiyohiyo, kwa sadfa, Microsoft nayo ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zikahesabiwa kuwa za kale.

Tofauti ni kile kinachobaki baada ya mlango kufungwa. Msimbo wa Debian 12 uko pale, hauhitaji ruhusa ya mtu, na wapo wengine kama NetBSD ambao bado wanaujenga mfumo wao kwa biti 32. Hili nimeliona hata kwenye jambo dogo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kwanza ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Mjukuu wa kazi ile leo ni LibreOffice, na kikagua tahajia chake, Hunspell, kiliandikwa na Mhungaria kwa ajili ya Kihungaria. Kilipompigia kijana mstari mwekundu chini ya mchu, alifungua faili la maneno, ambalo ni orodha ya kawaida tu, akaongeza maneno yake. Sasa kilaptopu kile ndicho kompyuta pekee niijuayo isiyomsahihisha Mbajuni.

Kazi yake hasa, lakini, ni ramani. Visiwa vya Wabajuni vimejipanga mstari mmoja sambamba na bara, kutoka Kismayo hadi karibu na Ras Kamboni, zaidi ya maili 70 za baharini. Ni migongo ya matumbawe ya kale; ndani yake maji ya kina kifupi, na kati ya kisiwa na kisiwa kuna milango ambayo maji hupita kwa kasi yakijaa na yakipwa. Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliipima pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1822 na 1826, lakini ramani ya zamani peke yake haitoshi kwenye milango hii. Programu huria ya OpenCPN, iliyotengenezwa na mabaharia kwa ajili ya mabaharia, inaweza kuweka picha za setilaiti chini ya alama ya chombo. Kijana huzipakua mjini usiku, na baharini huona mwamba mweupe chini ya maji ya bluu, na mashua yake ikisogea pembeni yake. Baba yake haitazami sana. Anajua milango yote kwa macho, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Picha ya setilaiti haijui mchanga ulihamia wapi msimu uliopita.

Alama ya mashua hutoka kwenye kipokezi cha zamani cha GPS kinachochomekwa kwenye USB. Kila sekunde hutuma mistari mifupi ya herufi na namba kwa lugha ya NMEA 0183: saa, latitudo, longitudo, mwendo kwa noti, tarehe. Unaweza kuisoma kwa macho. Ndipo nilipopata wazo nililojivunia sana. Kubadilisha betri ya saa kulitaka kufungua kibodi na bodi nzima, na baharini hakuna mtandao wa kuuliza saa. Nikamwandikia kijana amri mbili tatu ili kilaptopu, kila kikiwaka, kichukue saa na tarehe kutoka GPS. Setilaiti zina saa za atomiki. Nani mwingine wa kumwamini?

Januari 17 alinitumia picha nyingine. Mashua iko mahali pake sawasawa, karibu na Koyama. Tarehe: 3 Juni 2006.

Nilicheka peke yangu. Setilaiti za GPS huhesabu wiki tangu Januari 1980, na kwa muundo wa zamani hesabu hiyo ina nafasi ya biti 10 tu. Biti 10 ni wiki 1024. Ikifika hapo, hurudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena tarehe 6 Aprili 2019. Kipokezi kilichotengenezwa zamani hakijui ni mzunguko wa ngapi, kwa hiyo hukosea kwa wiki 1024 kamili, karibu miaka 20, huku mahali kikipajua bila kukosea. Wala programu mpya hazijaepuka. Mwaka 2021 iligunduliwa kwamba gpsd, programu huria inayotumiwa na seva nyingi za saa, ingejirudisha wiki 1024 nyuma ifikapo Oktoba 24 mwaka huo, hadi Machi 2002, kwa sababu ya ukaguzi uliowekwa kwa nia njema. Mtu alisoma msimbo, akaliona kosa, likasahihishwa kabla ya siku.

Nikamwandikia kijana kwamba nitamtumia mstari wa kuongeza siku 7168. Aliyejibu ni baba yake, kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake tanga linapiga.

"Ndugu yangu, imeniambia ni Juni. Juni ni kusi, na mimi niko baharini na kaskazi mgongoni. Wachia hiyo tarehe. Bamvua keshokutwa."