Mgongo wa Chini na Umri: Lipi la Kawaida, Lipi la Hatari

Katika miinuko ya Tarime, ambako migomba, kahawa na mahindi hustawi, kiuno huanza kazi tangu utotoni. Mkulima huinama kutwa nzima wakati wa palizi, mwanamke hujitwika ndoo ya maji au mkungu wa ndizi, na mchimbaji mdogo wa Nyamongo huinua mifuko ya mawe ya dhahabu. Si ajabu, basi, mtu mwenye umri wa miaka 50 kulalamikia maumivu ya kiuno. Neno atakaloambiwa katika zahanati laweza kumsaidia au kumdhuru. Akiambiwa kwamba pingili zimesagika, huenda akaliacha shamba kwa hofu ya kupooza. Akiambiwa kwamba huo ni uzee tu, huenda maradhi mazito yakapita bila kutambuliwa.

Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili tano kubwa zinazobeba uzito wa kiwiliwili. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kisahani chenye ukingo mgumu wa nyuzi na kiini laini mfano wa ute mzito. Kwa kijana, zaidi ya robo tatu ya kiini hicho ni maji. Kadiri miaka inavyosonga, maji hupungua, diski hunywea na ukingo wake huweza kupata nyufa. Hiyo ni sababu mojawapo ya wazee kupungua kimo. Diski ikishapungua unene, viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili hubeba mzigo zaidi, gegedu zake hulika, na mfupa huota vinundu pembeni. Kwa wanawake, baada ya kukoma hedhi, mifupa hupoteza madini kwa kasi, na pingili dhaifu huweza kubonyea hata kwa kishindo kidogo.

Mengi ya mabadiliko haya ni kama mvi: huonekana, lakini si lazima yaume. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyohusu watu wasio na maumivu ya mgongo, yalionyesha dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo picha peke yake haithibitishi chanzo cha maumivu, wala si kila mgonjwa anahitaji kusafirishwa hadi Mwanza kwa ajili ya kipimo.

Wakati mwingine vinundu vya mfupa na kano zilizonenepa huubana mfereji wa mishipa ya fahamu. Mgonjwa huhisi miguu kuuma, kufa ganzi au kuwa mizito anaposimama au kutembea, na hupata nafuu akikaa au akiinama mbele. Huenda akapanda kilima bila taabu nyingi, ila akateseka anapoteremka. Swali hilo moja humpa mhudumu mwanga mkubwa.

Zipo dalili ambazo kamwe zisihesabiwe kuwa za uzee: homa, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito, maumivu yasiyotulia hata mgonjwa akilala, kibiongo kilichojitokeza, au historia ya saratani. Kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo hata bila kikohozi. Katika jamii za wafugaji, ugonjwa wa bruselosisi, unaoambukizwa kwa maziwa mabichi au kwa kuzalisha mifugo, nao huweza kuuma kiunoni. Kwa mwanamume mzee, saratani ya tezi dume ikumbukwe. Miguu ikiishiwa nguvu, mkojo ukizuia au haja kubwa ikitoka bila hiari, au eneo la makalio na sehemu za siri likifa ganzi, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Asiye na dalili hizo asilazwe kitandani. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha. Virutubisho huifikia kwa kupenya kutoka kwenye pingili, na mwendo husaidia kazi hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unatilia mkazo elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno. Diclofenac hutuliza kwa muda, lakini ikitumiwa kiholela huweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee.

Mkulima, basi, atumie jembe la mpini mrefu, agawe mzigo mara mbili, anyooshe mgongo kila baada ya muda na atembee kila siku. Naye mhudumu aliyekwisha kuzichunguza dalili za hatari amwambie mgonjwa ukweli unaomjenga: mgongo wake umezeeka pamoja naye, lakini bado ni imara, na kazi ya kiasi haitauvunja.