Nyonga ikianza kuuma baada ya bima kufunga jalada

Abiria wa siti ya mbele kwenye Hiace huwa na goti karibu ligusane na dashibodi. Gari likivaa lori lililosimama, goti ndilo linalopigwa ila nyonga ndiyo inayoumia. Mfupa wa paja unasukumwa kinyumenyume mpaka kichwa chake kinachomoka kwenye kikombe. Wauguzi wa mapokezi ya dharura wanaujua mguu huo kwa kuuona tu: umefupika, umepinda kwa ndani, na mwenyewe hataki hata shuka imguse. Ukirudishwa mahali pake ndani ya saa 6 hivi, matumaini ni makubwa. Ukichelewa, au jamaa wakianzia kwa fundi wa kuunga mifupa, hatari inakua kwamba damu inayolisha kichwa cha mfupa itakatika na mfupa uanze kufa ndani kwa ndani.

Madai ya fidia huharibikia hapo. Kufa huko kwa mfupa hakuonekani wiki ile ile. Huja kuonekana kwenye picha baada ya miezi, pengine mwaka na zaidi, wakati majeruhi ameshatupa magongo na ofisa wa bima ameshamwita kuchukua hundi. Kabla ya hundi kuna karatasi ya kutia saini, inayosema umelipwa na hutadai tena. Nyonga ikianza kuuma mwaka unaofuata, jalada limeshafungwa.

Kwa Tanzania Bara, haki yenyewe ipo wazi. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye gari au pikipiki ya barabarani awe walau na bima ndogo, inayomkinga mtu wa tatu: mtembea kwa miguu, mwendesha bodaboda aliyegongwa, abiria aliyelipa nauli. Ukiwa na namba ya usajili ya gari, unaweza kuangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kama bima hiyo ilikuwa hai na ni ya kampuni gani. Mdaiwa mahakamani kwa kawaida ni dereva na mwenye gari, na bima hulipa hukumu ikitoka, mradi ilijulishwa mapema kuhusu kesi. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Kwa hiyo majeruhi wa nyonga amebanwa pande mbili: akikubali haraka anauza jeraha asilolijua, na akingoja mno mlango unafungwa.

Aliyeumia akiwa kazini ana njia nyingine, na kwa maoni yangu ni nyepesi zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya 2008, haumuulizi nani alikuwa na kosa. Mwajiri akishajua ajali ana siku 7 za kuitolea taarifa, na mfanyakazi asiache miezi 12 ipite kimya. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia baada ya matibabu kufika mwisho wake. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo unakuwa pensheni ya kila mwezi.

Karatasi ndizo huamua. Fomu ya polisi ya PF3 ichukuliwe siku ile ile, na majeruhi aseme kila panapouma, nyonga ikiwemo, hata kama daktari ameshughulika na goti tu. Ramani ya ajali, ripoti ya trafiki, na nakala ya hukumu kama dereva alishtakiwa. Halafu risiti. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba gharama halisi lazima zitajwe na zithibitishwe, moja moja. Risiti za mashine za EFD hufutika zikikaa kwenye pochi, kwa hiyo zitolewe nakala mapema. Nauli za bajaji kwenda kliniki hazina risiti, lakini daftari lenye tarehe ni bora kuliko kukumbuka.

Maumivu na hasara ya maisha havina risiti, na hapa watu wengi hupoteza kwa kuona aibu kueleza. Wanaandikiwa kwenye madai kwamba “anatembea kwa shida”, basi. Hakimu haambiwi kwamba mama aliyeumia hawezi tena kuchuchumaa chooni, hawezi kukaa kwenye mbuzi akune nazi, anaswali kwenye kiti, na kupanda bodaboda kwa kutanua miguu ndiyo kabisa. Mtaalamu wa viungo anaweza kupima kwa nyuzi nyonga inakunjika mpaka wapi. Kipimo hicho kiwekwe kwenye ripoti, kando ya maelezo ya choo na mbuzi.

Kuhusu vishoka wanaojitokeza wodini na kalamu mkononi wakiahidi kufuatilia kila kitu kwa nusu ya malipo, sina la kuongeza ila kwamba wakili ana namba ya uwakili na kishoka hana.

Kabla ya kukubali kiasi chochote, aombwe daktari bingwa, wa taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili au wa hospitali ya rufaa, aandike hali ya sasa na inayotarajiwa. Nyonga ya bandia mara nyingi hudumu miaka 15 hadi 20 hivi. Kijana wa miaka 28 anayewekewa leo huenda akarudi chumba cha upasuaji akiwa na miaka 45, kwa gharama zake, isipokuwa barua ya daktari iwe imeutaja na upasuaji huo wa pili.