Vipande vya Kompyuta Lazima Vipatane



Mwenye baiskeli anajua jambo hili. Rimu ya namba 28 haivalishwi tairi la namba 26. Tairi ni jipya, tena bei yake ni nafuu, lakini halikai. Kwa hiyo kabla ya kulipa, unasoma namba iliyoandikwa ubavuni mwake.

Kompyuta ya mezani nayo ni hivyo hivyo. Ndani ya kasha lake mna vipande vingi, na kila kipande kina namba na herufi zake. Unaweza kununua kompyuta nzima iliyokwisha kuunganishwa. Unaweza pia kununua kipande kimoja kimoja, kisha fundi akaunganisha. Njia hii ya pili inakupa nafasi ya kuchagua, na kipande kimoja kikiharibika unabadilisha hicho tu. Lakini vipande visipopatana, fedha imepotea. Kutoka Newala hadi maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, ni safari ya kutwa nzima ndani ya basi. Kurudisha kipande si kazi ya kesho asubuhi.

Tuseme kikundi chenu kimeweka akiba baada ya kuuza korosho. Mnataka kompyuta ya kadiri, ya kuandika barua, kutunza hesabu za wanachama, na vijana kujifunzia. Mtaanzia wapi?

Anzeni na prosesa na madabodi. Prosesa ni kidude bapa, kidogo kuliko kiganja. Ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Madabodi ni ubao mpana ambao vipande vyote huchomekwa juu yake. Mahali pa kukaa prosesa panaitwa soketi. Viwili hivi huchaguliwa pamoja, kama kinu na mchi wake.

Prosesa nyingi za kompyuta za mezani hutoka kwa makampuni mawili, Intel na AMD. Prosesa ya Intel haikai kwenye soketi ya AMD. Hata za kampuni moja hutofautiana. Kwa mfano, AMD ina soketi ya AM4, na tangu mwaka 2022 ina nyingine iitwayo AM5. Prosesa ya moja haikai kwenye nyingine.

Sasa sikiliza vizuri, hasa wewe unayenunua vitu vilivyotumika, nasi wengi ndivyo tununuavyo. Soma namba hizi mbili: i5-7400 na i5-8400. Zote mbili ni prosesa za Intel. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari inaonyesha kizazi. Ya kwanza ni ya kizazi cha 7, ya pili ni ya kizazi cha 8. Ukichukua ile ya kizazi cha 8 ukaiweka kwenye madabodi ya kizazi cha 7, itaingia na kukaa vizuri kabisa. Lakini kompyuta haitafanya kazi. Kuingia ni jambo moja, kupatana ni jambo lingine. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-12400, kizazi ni zile mbili za kwanza, yaani 12.

Mimi mwenyewe niliumizwa na herufi moja. Nilinunua prosesa iliyoandikwa i5-12400F. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya ile isiyo na F, nikafurahi. Muuzaji hakusema neno, wala mimi sikuuliza. Fundi akaunganisha, akawasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi. Tukahangaika mchana kutwa. Kumbe F maana yake prosesa hiyo haina sehemu ya kutengeneza picha, hivyo ni lazima ununue kadi ya picha peke yake. Ile nafuu niliyoipata ikaliwa yote, na zaidi.

Kwa AMD herufi nyingine ndiyo ya kutazama. Ryzen 5 5600G ina sehemu ya picha. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina.

Kisha chagueni ramu. Ramu ni ubao mwembamba unaoshika kazi unayoifanya wakati huo. Ziko za DDR3, DDR4 na DDR5. Kila aina ina pengo lake chini, na pengo la moja halilingani na la nyingine. Ikikataa kuingia, usiisukume kwa nguvu. Itoe, usome tena. Angalia pia urefu wake, maana ramu za kompyuta ndogo za kubeba ni fupi na hazikai kwenye ya mezani.

Huu ni mfano wa vipande vinavyopatana. Unakili katika daftari lako uende nao dukani: prosesa Ryzen 5 5600G, madabodi ya soketi AM4, iliyoandikwa B550, ramu mbili za DDR4, kila moja GB 8, SSD ya GB 500 ya kuhifadhia kazi, pawa saplai ya wati 450. Kasha nalo litoshe madabodi. Madabodi ndogo hukaa katika kasha kubwa, kubwa haiingii katika dogo. Mimi nisingenunua kasha kuukuu la kompyuta ya ofisini ili kuweka madabodi mpya. Mengi yana matundu ya skrubu na plagi za namna yake.

Pawa saplai ndiyo inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipande vingine. Ukinunua iliyotumika, tazama nyuma yake. Nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Umeme wetu Tanzania ni wa volti 230. Swichi ikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka, utasikia mlio, kisha harufu ya kuungua. Isogeze kwenye 230 kwa bisibisi kabla waya haujagusa ukuta.