Njia za Ndege na Chimbuko la Mbio za Dragi

Utangulizi

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika mbio za magari ziitwazo dragi, magari mawili hupangwa sambamba yakiwa yamesimama kabisa, kisha hufyatuka na kushindana katika mstari ulionyooka. Yale yenye nguvu zaidi humaliza kwa muda usiofika sekunde nne. Kwa msomaji wa Kenya aliyezoea Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953 na ambayo kwa miaka mingi yalipima uvumilivu wa dereva katika maelfu ya kilomita za vumbi na tope, mchezo huu huenda ukaonekana kama mzaha. Hata jina lenyewe lina kinaya, kwani neno la Kiingereza lililozaa ‘dragi’ lina maana ya kukokota, ilhali mchezo ni wa kasi. Hata hivyo, nyuma ya sekunde hizo chache kuna historia ya vita, vifo na uelewano. Makala haya yanafafanua jinsi mchezo huu ulivyokulia kwenye njia za kurukia ndege za viwanja vidogo nchini Marekani. Yanadhihirisha kwamba njia hizo hazikuwa mahali pa kuchezea tu, bali ndizo zilizoufinyanga mchezo wenyewe.

Kutoka Maziwa Makavu hadi Barabara za Miji

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa California walinunua magari makuukuu, wakayaunda upya na kuyapima kwenye maziwa yaliyokauka jangwani, kama vile Muroc. Mwaka wa 1937 waliunda chama cha SCTA ili kusimamia shughuli hizo. Huko jangwani gari liliingia kwenye mkondo wa kupimia likiwa tayari katika mwendo, na kilichotafutwa kilikuwa kasi yake ya juu kabisa.

Vita vilipomalizika mwaka wa 1945, vijana wengi walirudi makwao wakiwa na ujuzi wa mitambo walioupata jeshini. Jangwa lilikuwa mbali, lakini barabara ilikuwa mlangoni. Usiku ulipoingia walisimama kwenye taa za barabarani, wakasubiri rangi ya kijani, kisha wakashindana hadi taa iliyofuata. Matokeo yalikuwa mauti, si ya madereva tu bali pia ya wapita njia wasiohusika. Umma ulighadhibika, na ikadaiwa kwamba magari hayo yapigwe marufuku kabisa. Hivyo, swali lililowakabili wapenzi wa mchezo huu halikuwa la burudani. Lilikuwa swali la uhai: vijana hawa wangepelekwa wapi?

Saruji Iliyoachwa na Vita

Jibu lilikuwa limelala nje ya miji. Wakati wa vita, Marekani ilijenga viwanja vingi vya kufundishia marubani. Ndege za mabomu zilikuwa nzito, hivyo zilihitaji njia ndefu, pana na zilizonyooka. Amani ilipopatikana, viwanja vingi vilikabidhiwa miji na kaunti ambazo hazikuwa na ndege za kutosha kuvijaza. Saruji ikabaki juani, majani yakichungulia katika nyufa zake.

Mwaka wa 1949, mbio za Tom Cobbs na Fran Hernandez zilifanyika huko Goleta, kwenye barabara iliyokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Santa Barbara. Mwaka uliofuata, C. J. Hart, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Pappy, pamoja na wenzake Creighton Hunter na Frank Stillwell, walianzisha mashindano ya Jumapili kwenye uwanja wa ndege wa Kaunti ya Orange, mjini Santa Ana. Kiingilio kilikuwa senti 50. Mke wa Hart, Peggy, alisaidia kuuendesha uwanja na pia aliingia mbioni mwenyewe.

Santa Ana palikuwa shule isiyo na kuta. Mwaka wa 1950 pikipiki iliyoundwa na Chet Herbert, aliyelemazwa na polio na kutumia kiti cha magurudumu, iliyashinda magari yaliyokuwa na injini kubwa kuliko yake. Funzo lilikuwa wazi: nguvu si kitu iwapo uzito ni mwingi. Dick Kraft naye alilivua gari lake karibu kila kitu, likabaki fremu, injini, magurudumu na kiti. Umbo hilo la mifupa mitupu ndilo lililozaa magari marefu membamba yanayotambulisha mbio za dragi.

Jinsi Njia Ilivyoufinyanga Mchezo

Ziwa kavu halina mwisho wa karibu, lakini njia ya ndege inao. Ndiyo maana gari halikuweza tena kuanza likiwa katika mwendo. Lilianza likiwa limesimama. Masafa yaliyozoeleka yakawa robo maili, yaani takriban mita 402, na sehemu iliyosalia ya njia ikaachwa kwa ajili ya kusimama. Upana wa saruji uliruhusu magari mawili kwenda bega kwa bega. Mtu mwenye bendera alisimama mbele yao na kuwaruhusu kuondoka. Taa za kuanzishia mbio zilikuja mwaka wa 1963.

Aidha, mpaka huo wa saruji ulizua mgogoro. Kemikali ya nitromethani hubeba oksijeni ndani yake, hivyo injini huweza kuchoma fueli nyingi zaidi na kutoa nguvu kubwa. Kasi ilipopanda, nafasi ya kusimamia haikuongezeka. Mwaka wa 1957, chama cha NHRA kilipiga marufuku fueli hiyo katika mashindano yake, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka wa 1963. Miavuli ya kupunguzia kasi, mfano wa ile ya wanajeshi wa angani, nayo ikafungwa nyuma ya magari.

Kutafuta Imani ya Umma

NHRA kiliasisiwa mwaka wa 1951 na Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod. Parks alitambua kwamba bila ridhaa ya polisi na mabaraza ya miji, hakuna uwanja ambao ungefunguliwa. Mwaka wa 1954 alituma wanaume wanne, Bud Coons, Bud Evans, Chic Cannon na Eric Rickman, waizunguke nchi wakiwa na gari moja na trela ya vifaa. Katika kila mji waliwafundisha wenyeji kupima muda, kukagua magari na kuwatenga watazamaji na hatari.

Mwaka wa 1955, mashindano ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Great Bend, Kansas, kwenye uwanja uliotumiwa wakati wa vita kuwafunza wanajeshi wa ndege za B-29. Huko Lloyd Scott alivuka kasi ya maili 150 kwa saa. Mvua iliyavuruga mashindano hayo, yakamalizikia Arizona mwezi wa Novemba, na Calvin Rice akatwaa ushindi. Uingereza nako, Santa Pod ilifunguliwa mwaka wa 1966 kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi wa Podington, ulioruka ndege za mabomu za Marekani.

Hitimisho

Viwanja vingi havikudumu mikononi mwa wanamashindano. Santa Ana ulifungwa kwao mwaka wa 1959, na leo abiria hupanda ndege mahali ambapo vijana walishindana kwa senti 50. Pamoja na hayo, saruji ile ingali ndani ya kanuni za mchezo: kuanza kwa kusimama, njia mbili sambamba, na hofu ya mwisho wa njia. Mwaka wa 2008, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta huko New Jersey, NHRA ilifupisha mbio za magari yake yenye kasi zaidi hadi futi 1,000, takriban mita 305. Swali la Santa Ana lilikuwa limerudi: si gari linakwenda kasi kiasi gani, bali lina nafasi gani ya kusimama. Kumbukumbu za njia hizo za ndege zinafunza kwamba jamii iliyowapa vijana wake mahali iliokoa maisha ambayo marufuku peke yake isingeyaokoa.