Mtu Katika Kizimba cha Nyani



Kwa miaka mingi vijana wetu wamefundishwa mambo mawili. Katika somo la historia huambiwa ya kwamba binadamu alitokana na viumbe waliomtangulia; kanisani husikia ya kwamba Mungu alimwumba kwa mfano wake. Nasi wazee twabishana juu ya mifupa na hesabu ya miaka. Leo natuulize hivi: mafundisho juu ya asili ya mtu humtendea nini mtu mwenyewe?

Ota Benga alikuwa kijana wa Kongo, mfupi wa kimo, wa watu wa msituni. Mwaka 1904 alipelekwa Marekani aonyeshwe katika maonyesho makubwa ya St. Louis. Aliyempeleka, Samuel Verner, aliwahi kuwa mmisionari, hilo tusilifiche. Septemba 1906 Ota Benga akawekwa katika nyumba ya nyani, bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kizimba kimoja na orangutani. Maelfu walikuja kumtazama na kumcheka. Wakubwa wa bustani walisema hiyo ni elimu, maana wataalamu wengi wa siku zile walidhani Mwafrika yu karibu na nyani kuliko Mzungu.

Wachungaji weusi wa Kibaptisti wakapinga. Mmoja wao, James Gordon, alisema ya kwamba watu weusi nao ni binadamu wenye roho, tena ya kwamba maonyesho hayo yalitangaza mafundisho ya Darwin yaliyo kinyume cha Ukristo. Meya wa mji alikataa kuonana nao. Hawakunyamaza. Kabla ya mwezi kwisha kijana alitolewa, naye Gordon akampokea katika nyumba ya yatima aliyoisimamia huko Brooklyn.

Lakini tuseme kweli yote. Darwin mwenyewe alichukia utumwa. Nao walikuwako Wakristo walioamini kitabu cha Mwanzo neno kwa neno, wakaitumia laana ya Kanaani kuhalalisha minyororo shingoni mwa watu weusi. Kukiri uumbaji kwa midomo hakukuwazuia. Wachungaji wale waliamini ya kwamba mataifa yote yametoka asili moja (someni Matendo 17:26), na kwa imani hiyo walikwenda kumdai mtu mmoja asiye ndugu yao wala mshirika wao.

Ota Benga baadaye alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku huko Lynchburg, Virginia, akitamani kurudi kwao. Machi 1916 alijiua kwa risasi. Shirika lenye bustani ile liliomba radhi mwaka 2020.